Madirisha ya Chumba cha Uyoga

Lac Vert, Goma
Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Fabiola, Mama Benny,

Pokea salamu zangu nyingi huko Kampala, wewe na Papa Benny na watoto wote. Mnaamkaje? Mguu wako ulioteguka sokoni umepona, au bado unakusumbua ukipanda ngazi? Na Benny, kile kikohozi kimemwachia? Mpake mafuta ya moto kifuani anapotoka shule, usingoje kianze upya.

Sisi huku tupo. Umutesi ameanza mwaka wa tatu wa shule ya msingi tangu tarehe moja. Kiatu kimoja kilifunguka mdomo kwa mbele, nikakishona kwa uzi wa gunia, na anakwenda nacho hivyo hivyo. Jino lake la mbele limeanza kuota. Anauliza kila siku kama shangazi Fabiola atakuja Krismasi. Habari za mji unazisikia redioni, sitazimalizia karatasi.

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nilizichana. Naiandika asubuhi mezani kwa Henriette, yule jirani yetu kutoka Butembo ambaye hucheka kwenye simu mpaka unashindwa kunisikia. Siku hizi hacheki. Rosine, yule mchuuzi, anaondoka kesho kwenda Kampala kununua vitenge, nami nimemwapisha barua hii aitie mkononi mwako, si mwa mtu mwingine. Kupiga simu sikutaka. Kwenye simu nilikwisha kukudanganya mara moja.

Nilikuambia mama yako alilala mchana, moyo ukachoka, akaondoka bila maumivu. Wifi yangu, tafuta mahali uketi. Mama hakufa kwa uzee. Nitakueleza tangu mwanzo, kwa sababu nikianzia mwisho sitaweza kuendelea.

Unajua jinsi tulivyobaki. Risasi iliyopotea ilipomkuta kaka yako Rémy, mume wangu, mlangoni, siku zile za vita za mwezi wa kwanza, nilibaki na mama yenu na mtoto katika nyumba ile ya mbao tuliyopanga, bila shamba, bila kazi. Wewe ndiwe uliyetutumia mbegu za uyoga. Sauti uliyonitumia kwenye simu niliisikiliza hadi nikaishika kichwani: uyoga hautaki jua, unataka unyevu, na unapumua kama mtu. Fungua madirisha asubuhi na jioni hewa chafu itoke. Joto likizidi, mwagia sakafu maji, lakini usifunge. Hilo neno "usifunge" ulilisema mara mbili. Nakuandikia hili mapema ili usije ukajitafutia kosa popote. Ulinielekeza vizuri.

Tulikitumia kile chumba cha nyuma, kile ambacho unashuka ngazi mbili kuingia, kwa kuwa mwenye nyumba alikichimba ndani ya mwamba wa volkano. Kilikuwa na baridi nzuri. Nilipanga rafu za mbao, nikaweka mifuko, na mvua za mwezi wa nne zilipokuja uyoga ulitoka kama masikio ya tembo. Mama mwanzoni aliuogopa. Alisema kule Masisi aliona familia nzima ikizikwa kwa ajili ya uyoga wa porini. Lakini siku ya kwanza wanunuzi walipokuja na kusitasita, alikaa mlangoni na sahani yake, akala mbele yao, akafuta mafuta midomoni, akasema, "Mimi muzee nimekula. Ninyi vijana munaogopa nini?" Siku ile beseni lilirudi tupu.

Wanawake wa kanisani wakaanza kuniuliza. Niliwafundisha wanne, Henriette akiwa wa kwanza. Fikiria, mimi niliyeanza jana nikawa mwalimu.

Kisha kiangazi kikaja. Hujasahau joto la bati saa sita mchana, pale ambapo hata mijusi hutafuta kivuli. Upepo uliingia na vumbi la barabara ya Sake, ukakausha mifuko. Kofia za uyoga zikapasuka pembeni, zikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Maji yalikuwa ya kubeba kutoka ziwani, bidoni mbili kwa safari, na niliyomwagia sakafu asubuhi yalikuwa yamekwisha kabla ya saa nne. Mavuno mawili yakapotea. Mtoto alianza kulala amekula mara moja tu. Nikasema, kama upepo ndio unaoniibia maji, nitaufungia nje.

Kulikuwa na shitingi za plastiki ambazo watu wa kambi ya wakimbizi waliziacha walipoondolewa mwezi wa pili. Nilichukua moja, nikaikata vipande, nikaziba madirisha yote mawili ya chumba kile, nikapigilia misumari pembe zote. Nikaziba nafasi za mbao kwa vitambaa. Chini ya mlango nikasukuma gunia lililolowa. Niliifanya kazi ile vizuri sana, wifi yangu. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule.

Na unyevu ulibaki! Baada ya siku chache kuta zilikuwa zinatoa jasho, uyoga ukaanza kutoka tena. Nikakimbia kuwaambia wale wengine. Shitingi ya Henriette niliibeba mimi mwenyewe kichwani, nikamshikia nyundo.

Lakini uyoga ule haukuwa wa kawaida. Shina lilikuwa refu na jembamba, kofia ndogo kama kichwa cha msumari, na wa rafu za chini ulikuwa mbaya zaidi kuliko wa juu. Sikukutumia picha. Niliona haya. Halafu kulikuwa na taa. Kwa kuwa chumba kilikuwa giza hata mchana, niliingia na koroboi. Nikiiweka juu ya rafu inawaka. Nikiiweka sakafuni nipate kumwagia mifuko ya chini, inapepesa kidogo na kuzima. Nilisema wameanza kutuuzia petroli ya taa yenye maji.

Sote huku tunaijua mazuku. Tunajua mashimo yenye gesi ambayo mbuzi akishuka harudi, ambayo ndege huokotwa wamekufa kando yake. Watoto tunawakataza kucheza mabondeni asubuhi. Lakini mazuku tuliijua kwamba iko kule, kwenye majani yaliyokauka. Sikufikiri inaweza kupanda katika nyufa za sakafu yangu na kulala ndani ya nyumba.

Sasa nafika kwa mama.

Chumba cha mbele kilikuwa kinamchoma mchana, akawa anashuka na mkeka wake kupumzika chini ya rafu, kwenye baridi. Siku ya tatu au ya nne alitoka ameshika paji la uso.

"Mutoto yangu," akasema, "mule ndani kichwa inaniluma. Na pumzi inakuwa mufupi. Ufungue kidogo dirisha."

Nilikuwa nakata uyoga. Sikuinua hata macho.

"Vumilia, mama. Nikifungua, vyote vitakauka. Wiki mbili tu."

"Haya," akasema.

Ni hilo tu. Hakubishana. Unajua mama yako hakuwa mtu wa kurudia ombi. Aliendelea kushuka mle kwa sababu juu palikuwa tanuri, na mimi niliendelea kumwona anashuka. Tangu siku ile ya msiba kila mtu ananiambia vumilia, vumilia, na kila wakilisema najisikia nimepigwa kofi.

Jumapili, tarehe 24 ya mwezi wa nane, tulirudi kutoka misa ya kwanza tukala sombe na maharagwe. Mama akachukua mkeka. Umutesi alitaka kumfuata alale naye. Nilimwita arudi, aende kwa Henriette akasukwe nywele za wiki. Sikumwita kwa kujua. Nilimwita kwa ajili ya nywele.

Niliosha vyombo nje. Nikafua sketi ya shule. Nilipomwita mama hakuitika. Nilishuka ngazi zile mbili, nikamkuta amelala ubavu, uso umeelekea ukutani, mkono mmoja chini ya shavu kama mtoto. Nilipoinama kumshika, kifua changu kilianza kuvuta kwa nguvu kama nimekimbia kutoka Sake. Nilimburuta kwa kitenge chake. Sijui nilipata wapi nguvu za kumpandisha ngazi. Nikamlaza uani, nikamsukuma kifua, nikampulizia mdomoni. Henriette alifika anapiga kelele. Tukamweka kwenye pikipiki katikati yetu hadi kituo cha afya. Walimwangalia, wakafunika uso. Wakaona mzee wa miaka sabini na minne, joto kali, wakasema moyo. Sikuwaambia lolote la chumba, kwa hiyo wasingejua.

Lakini mimi nilijua. Jina la kitu chenyewe sikuwa nalo bado, ila nilijua. Kwa sababu niliporudi nyumbani, kabla waombolezaji hawajajaa, jambo la kwanza nililofanya ni kushuka chumbani nimeziba pumzi na kung'oa shitingi. Nilizikunja, nikazisukuma chini ya kitanda. Watu walilia uani, nami nilikuwa naokota misumari.

Ndipo nikakupigia simu.

Kaka yako Twagirimana alikuja kutoka Kibati siku ile ile. Baada ya mazishi alisimama mbele ya watu akasema mama ameuawa na uyoga, kwamba nilimlisha sumu ili nibaki na mtoto na nyumba. Alitoa mifuko yote, akaichoma barabarani. Sikumzuia. Nilimjibu kwamba mama aliula tangu mwezi wa nne, na mimi na Umutesi tuliula sahani ile ile, na hilo lilikuwa kweli. Hakunisikiliza. Ameita kikao cha ukoo Jumapili hii. Anataka Umutesi aondolewe kwangu.

Jumatatu ya wiki hii nilimwita mzee Baharanyi, yule mchonga mawe, aje kubomoa rafu. Alifika asubuhi mapema kabla upepo haujaanza. Alishuka, akatoka haraka, akaomba mshumaa. Akauwasha, akaushusha polepole kwa mkono. Usawa wa goti moto ukasinyaa. Sakafuni ukazima, kama mtu ameupuliza. Akarudia mara tatu nione.

"Hii ni mazuku, mama," akasema. "Inatoka chini, ni nzito, inajaa mule kama maji katika beseni. Upepo ukipita inatoka. Siku ile dirisha ilikuwa wazi?"

Nikamtazama machoni, nikasema, "Ilikuwa wazi."

Akavua kofia. "Basi si kosa ya mutu. Ni udongo. Niite kwenye kikao, nitawaonyesha kwa mshumaa huu huu."

Unaelewa, Fabiola? Alikuwa ameniwekea wokovu mkononi. Mazuku, dirisha wazi, kosa la udongo. Twagirimana angenyamaza, mtoto angebaki kwangu, na wewe ungeendelea kuniita wifi. Nilikaa mlangoni siku nzima nikijiambia kwamba sijaua mtu, kwamba Mungu ndiye aliyeumba volkano. Karibu niamini.

Jioni Umutesi akanisimulia, kama habari ya kawaida tu, kwamba watoto wawili wa Henriette wamehamia kulala chumba cha uyoga kwa ajili ya baridi.

Nilikwenda alfajiri bila kunawa uso. Nikamwambia Henriette ang'oe shitingi. Alikuwa anawasha makala ya kupikia.

"Nifungue kwa nini? Ni weye mwenyewe ulituambiaka tufunge."

"Fungua tu, dada."

"Uyoga yako imechomwa, sasa unataka na yangu ikauke?"

Alikuwa na haki ya kuniuliza hivyo. Angenisikiliza kwa lipi? Baharanyi alikwisha kutembea kartie nzima, mtaa wetu wote, akisema dirisha langu lilikuwa wazi na mtu alikufa hivyo hivyo. Kwa uongo wangu dirisha halikuwa na maana yoyote. Nikaona wazi kwamba kama nitanyamaza, watoto wale watalala tena mle.

Nikamwambia. Nilisema yote, pale penye makala, tangu misumari hadi "vumilia, mama." Alipoelewa aliingia ndani na kisu cha jikoni, nikasikia plastiki inapasuka, nikasikia anawaita watoto kwa majina, mmoja mmoja, na wao wanajibu kwa sauti za usingizi. Alirudi akakaa chini mbele yangu. Alilia, nami nikalia.

Baadaye akasema, "Nitanyamaza. Sitamwambia mutu."

Alisema kwa upendo, najua. Lakini kuna wale wengine watatu, na kuna wanawake niliowaona sokoni Ndosho wakiulizana jinsi ya kuhifadhi unyevu, na sijui ni wangapi wamesikia kutoka kwa waliosikia kwangu. Siwezi kwenda mlango hadi mlango nikiomba watu wafungue bila kusema kwa nini. Tulikwenda na Henriette kwa wale watatu siku ile ile. Kwa kila mmoja nilisema. Kwa wa mwisho nilianza, Henriette akamalizia kwa niaba yangu. Madirisha ya vyumba vyote vinne sasa yako wazi. Katika nyumba moja mshumaa ulizima sakafuni. Wamehama chumba kile.

Mimi na Umutesi tunalala hapa kwa Henriette, chumba cha mbele, juu ya meza mbili zilizounganishwa. Mara kwa mara nauweka mkono mbele ya pua yake nisikie pumzi. Usiku naweza kufanya hivyo mara ishirini. Chakula hakishuki. Nikipita mahali wanakaanga kitunguu kwa mawese, kama alivyokaanga mama, nageuka narudi. Kusali najaribu, lakini nikifika "utusamehe makosa yetu" nakwama, sijui nimwambie nani kwanza, Mungu au wewe.

Nimeamua wewe.

Sikuombi unitetee kwenye kikao. Barua hii haitakufikia kabla ya Jumapili, kwa kuwa Rosine atafika huko Jumatatu, na nimepanga iwe hivyo, usije ukalazimika kuchagua kati ya kaka yako na mimi. Sikuombi pia unisamehe. Mama ni wako, alikubeba wewe, na kama utataka kunilaani, jina langu unalijua.

Nakuomba jambo moja. Kama ukoo utasema mtoto atoke mikononi mwangu, mchukue wewe. Twagirimana si mtu mbaya, anamlilia mama yake, lakini ana hasira, na siku moja atamwambia Umutesi habari hii kwa hasira. Mtoto ana miaka minane. Alimpenda bibi yake kupita alivyonipenda mimi. Nataka aambiwe na mtu atakayemshika mkono wakati anamwambia. Anapenda uji usio na sukari nyingi. Akiogopa hujikuna sikio la kushoto, hasemi. Akianza kusoma kwa sauti usimkatize, atakosea na atajirekebisha mwenyewe.

Kaburi la mama tumelizungushia mawe, na Henriette amepanda maua mekundu pembeni, yameshika. Nisalimie Papa Benny, mwambie nimepata ujumbe wake wa rambirambi ingawa sikujibu. Msalimie Benny na wadogo zake, na mama mkwe wako, na yule jirani Mganda aliyekusaidia na mbegu. Kwake pia usiache lawama ifike. Henriette anakusalimu. Umutesi amechora nyumba nyuma ya karatasi hii, ni yako, anasema ndivyo anavyoifikiria.

Mungu awalinde usingizini ninyi nyote, na apitishe upepo wake katika kila chumba mnacholala.

Jumapili baada ya misa ya pili watakaa uani kwa Twagirimana. Mzee Baharanyi atakuja na mshumaa wake, kwa kuwa nimemwomba aje, bado hajui nitakalosema. Atakapomaliza kuwaonyesha na kusema si kosa la mtu, nitasimama na shitingi mikononi niwaambie ni nani aliyefunga. Ukisoma mstari huu nimekwisha kusema.

Mimi niliye bado wifi yako, mpaka wewe mwenyewe useme sivyo,

Léoncie